Feni Iliyonyamazishwa Mbele ya Rais

Kuna nchi moja ambayo kila ramani ikikunjwa huangukia penye mkunjo, na kwa kukunjwa sana jina lake limefutika. Ndiyo sababu msomaji hajawahi kuisikia. Akiona inafanana na nchi nyingine anayoijua, lawama ni za waliokunja ramani.

Katika nchi hiyo Bwana Hemedi Sekiondo alikuwa Mkuu wa Itifaki, na kazi yake ilikuwa ya vibendera. Rais alipohutubia, Sekiondo aliketi pembeni ya jukwaa na kuwaongoza wasikilizaji. Akiinua kibendera cha kijani, wanapiga makofi. Akiinua cha njano, wanacheka. Akiinua cha buluu, wanatokwa na machozi, na asiye na machozi karibu huazima kwa jirani. Watu walifunzwa mambo hayo tangu chekechea, hata ikawa mtu akianika kanga ya njano uani, jirani anayepita anacheka bila kujua anacheka nini.

Zaidi ya vibendera, hotuba zililindwa na sheria mbili. Ya kwanza iliitwa Sheria ya Ukimya: Rais anapozungumza, hakuna chombo kingine chenye ruhusa ya kutoa sauti. Saa za ukutani zilitolewa betri, mashine za kusaga zilizimwa, majogoo wakatiwa vikapuni. Ya pili ilikuwa Sheria ya Usingizi: yeyote anayelala wakati wa hotuba hutolewa nje na askari waitwao Waamshaji, huwekwa chini ya ulinzi, na baadaye huhukumiwa kusikiliza hotuba zilizopita, kuanzia ya mwanzo.

Sekiondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, jambo ambalo kwa mbali hufanana na utii. Mkuu wa Itifaki aliyemtangulia alisahau jokofu moja likinguruma nyuma ya jukwaa, na sasa alikuwa balozi katika kisiwa kinachoonekana maji yakipwa tu. Yakijaa, balozi hupanda juu ya meza.

*

Mwaka huo taifa lilijenga kiwanda cha kuyeyusha mawe ya kromu, na Rais akapangiwa kwenda kukizindua. Siku moja kabla, Sekiondo alikwenda kukikagua pamoja na Waziri wa Viwanda na Fahari, Mheshimiwa Kasibante, ambaye tumbo lake lilitangulia kufika mahali na yeye akalifuata. Walipokelewa na msimamizi wa tanuri, Mhandisi Tumpale Mwasomola, mwanamke aliyesoma ng'ambo miaka mingi na kurudi na tabia moja mbaya: akiulizwa swali, alijibu lile aliloulizwa.

Aliwaeleza kwamba tanuri lile ni la umeme na limefunikwa juu kama chungu. Nguzo tatu nene za kaboni zimepenya kwenye kifuniko, zinashusha umeme ndani, mawe na makaa vinayeyuka pamoja. Katika kuyeyuka huko hutoka gesi nyingi yenye vumbi, na gesi hiyo haiachwi izurure. Feni kubwa huivuta kwa bomba, huipeleka kwenye mnara ambamo hunyunyiziwa maji kwa nguvu, vumbi linashuka chini kuwa tope, na gesi iliyooshwa hutoka upande wa pili ikiwa safi, tayari kuchomwa kama kuni. Ujuzi wote, alisema, uko katika kiasi. Feni ikivuta mno, hewa ya nje huingia tanurini, ikichanganyika na gesi ni mlipuko. Ikivuta kidogo mno, gesi humwagika ukumbini. Kwa hiyo kuna watu wanaolitazama jambo hilo mchana na usiku, na yeye ni mmoja wao.

Waziri alitikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesikiliza ibada ya dini nyingine. Sekiondo hakusikia hata nusu, kwa sababu ya mngurumo.

“Hiki kinachonguruma ni nini?” akauliza.

“Ndiyo feni yenyewe, Mzee.”

“Kesho kinyamaze.”

“Kinaweza kunyamaza. Tutakata umeme kwanza, tanuri lipoe, kisha tuzime feni.”

Hapo Waziri aliingilia kati. Ukutani mwa ukumbi wa tanuri palikuwa na kipimo cha umeme chenye ukubwa wa gurudumu la trekta, kilichotengenezwa maalumu ili wageni waone sindano ikiwa imesimama juu. Umeme ukikatwa, sindano ingeanguka. Waziri alisema katika maisha yake ya siasa hajawahi kuona kitu kikianguka mbele ya Rais kisha mtu akabaki na gari la serikali. Feni izimwe, tanuri liendelee.

Mhandisi Mwasomola alimweleza tena, polepole, kama anavyoelezwa mtu mwenye homa. Gesi hiyo ni ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango ukafungwa, majirani wakaja kuvunja mlango asubuhi.

“Rangi yake?” akauliza Waziri.

“Haina.”

“Harufu?”

“Haina.”

“Basi, mama, haimo kwenye ratiba.”

Mhandisi alisema lipo bomba la dharura la kupitishia gesi juu ya paa feni isipofanya kazi, ila Wizara imechomelea sanamu ya Rais mdomoni mwa bomba hilo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa juu zaidi kiwandani. Waziri alijibu kwamba sanamu imekwisha kubarikiwa na dini zote. Mhandisi akasema, kwa sauti ileile, kwamba mkono wake hautabonyeza kitufe cha kuzima feni huku tanuri linawaka. Waziri akasema asiyebonyeza ataimba, na papo hapo akamwandikisha kwenye kwaya ya kiwanda, sauti ya tatu.

Sekiondo alisimama kati yao na kibegi chake cha vibendera. Jiko la mkaa alilijua. Mama yake hakukubali kulala mpaka amelitoa nje kwa mkono wake, hata mvua inyeshe. Alifungua kinywa ili aseme hivyo. Kisha akamwona balozi juu ya meza, maji yakipanda, akafunga kinywa.

*

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipendeza. Matundu yote ya hewa yalifunikwa kwa vitambaa vya rangi za taifa. Ving'ora vya gesi, kwa kuwa navyo ni vyombo vyenye sauti, vilifungwa midomo kwa bandeji. Viti vilipangwa kwa ngazi, mwenye cheo kikubwa akiketi juu zaidi: wananchi wateule chini, juu yao wakurugenzi, juu yao majaji na mawaziri, na kileleni, karibu na paa, kwaya, kwa sababu Waziri alitaka wimbo ushuke kutoka mbinguni. Rais peke yake alisimama chini, kando ya mlango mdogo wa ubavuni, maana walinzi wake hawapendi awe mbali na mlango. Mlango huo uliachwa wazi upana wa kiganja ili mlinzi wa nje aweze kuchungulia.

Mwamshaji mmoja akabonyeza kitufe. Feni ikashusha pumzi ndefu, ikanyamaza. Sindano ya kile kipimo kikubwa ikabaki juu. Milango mikubwa ikafungwa.

Rais alianza kusoma. Alisoma bila kuinua uso, kwa sababu aliwahi kuuinua mara moja, akapoteza mstari, na kabla hajaupata alikuwa ametangaza vita dhidi ya nchi ambayo baadaye iligundulika haipo.

“Ndugu wananchi,” alisema, “taifa lisilo na tanuri ni sawa na tanuri lisilo na taifa.”

Sekiondo akainua kijani. Makofi yakavuma.

Mambo yalikwenda vizuri sana. Pembeni mwa zile nguzo za kaboni pakatokea miali midogo ya buluu, ikicheza kama vidole, na watu, ingawa buluu ni rangi ya machozi, wakaishangilia bila kusubiri kibendera. Sekiondo akaudhika. Kisha taa nyekundu zilizo juu ya ving'ora vilivyofungwa midomo zikaanza kuwaka na kuzimika, na wageni wakanong'onezana kwamba mapambo ya mwaka huu yamegharimiwa. Miali ile ilichoma sehemu ya gesi. Iliyobaki, ikiwa ya moto, ilipanda kwanza kwa wakubwa, kama kila kitu katika nchi ile.

Jaji Mkuu alianza kutabasamu pasipo njano. Mkurugenzi wa Ushuru, mtu ambaye hajawahi kucheka hata kwa njano, alimwegemea jirani yake na kumwambia kwamba anampenda tangu zamani. Mawaziri walishikana mikono. Kulikuwa na furaha kubwa huko juu, furaha ya kizunguzungu, na wananchi wa chini waliitazama kwa wivu. Mheshimiwa Kasibante alikuwa ameanza kukoroma tangu kwenye salamu, kabla gesi haijatoka popote, lakini hiyo ilikuwa desturi yake, na kwa kawaida Waamshaji walijifanya hawamwoni. Safari hii alianguka kutoka kwenye kiti, ikabidi wamwone. Wakashirikiana wanne kumtoa nje kwa ule mlango mdogo. Akafuata Jaji Mkuu, kisha jaji mdogo, kisha mawaziri wawili kwa mpigo, kisha Mkurugenzi wa Ushuru.

Ndipo kwenye kwaya, katikati ya wimbo wa kuitikia, Mhandisi Mwasomola alipokunja sketi yake vizuri, akajilaza juu ya benchi kama mtu anayepima kitanda dukani, akafumba macho. Waamshaji wakambeba. Walipompitisha mbele ya Sekiondo, alifumbua jicho moja.

“Sijalala, Mzee,” alisema kwa sauti ya chini. “Natoka. Tazama walio nje, kisha tazama walio ndani.”

*

Sekiondo alichungulia kwenye ule upenyo wa mlango. Uani, kwenye nyasi, wahalifu wa usingizi walikuwa chini ya ulinzi. Wa kwanza walikuwa wamekwisha kuketi. Jaji Mkuu aliomba maji. Mkurugenzi wa Ushuru alikuwa mkali kama zamani na anadai kiatu chake kimeibwa. Kisha Sekiondo akageuka kutazama ndani. Watu waaminifu, wale waliokaza macho kwa uzalendo, walikuwa na nyuso zenye jasho, midomo wazi, wakiyumba vitini kama mtama kwenye upepo. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinagonga. Alielewa kwamba katika kiwanda kile mahali penye hewa palikuwa pamoja tu, kule nje kizuizini.

Angeweza kupiga kelele watu watoke. Lakini kupiga kelele juu ya sauti ya Rais kulikuwa na risasi yake, na hata hivyo hakuna ambaye angetoka. Katika nchi ile mtu hatangulii kutoka mbele ya Rais. Wangekufa kwa adabu, wameketi wima. Kitu pekee walichokuwa wanakitii bila kuuliza kilikuwa kwenye kibegi mapajani mwake, na humo hapakuwa na kibendera cha usingizi. Usingizi ulikuwa uhaini, na Mkuu wa Itifaki anayeuamuru angekuwa na bahati kama angepelekwa kisiwani.

Alifikiri juu ya kisiwa. Akamfikiria mama yake akitoka na jiko mvuani.

Akatoa mfukoni leso yake nyeupe, akaiinua juu, akaitikisa. Kisha akaiweka kiganjani, akalaza shavu juu yake na kufumba macho, watu wote wakiona.

Ilikuwa rangi mpya. Lakini watu wa nchi ile hawahoji rangi. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa kwa pamoja, safu kwa safu, kwa nidhamu ya kupendeza. Bwana mmoja wa safu ya kati, aliyekuwa anatafuta kupandishwa cheo, alianza kukoroma kwa bidii.

Sajini wa Waamshaji alimjia Sekiondo akinyata, naye akiwa haoni vizuri.

“Mzee, wamelala wote.”

“Sheria inasemaje?”

“Anayelala atolewe.”

“Na wakiwa wengi?”

Sajini akafikiri, jasho likimtoka. “Haijasema wakiwa wengi waachwe.”

Milango mikubwa ikafunguliwa, hewa ikaingia kama mgeni aliyechelewa. Kwa kuwa askari hawakutosha, waliolala waliamriwa wabebane, nao wakatii huku macho yamefumbwa vizuri. Waliozimia kweli walibebwa na waliozimia kwa amri. Kwaya iliteremka kutoka mbinguni ikiwa mabegani mwa wakurugenzi. Wakamwagwa nyasini, mmoja baada ya mwingine, wakakohoa, wakatapika, wakapumua. Hakufa mtu.

Rais aliendelea kusoma. Alifika mahali palipoandikwa makofi ya muda mrefu, akanyamaza ili ayapokee. Makofi hayakuja. Akasubiri. Kisha, kwa mara ya pili katika maisha yake ya utawala, akainua uso.

Viti vilikuwa vitupu kutoka sakafuni hadi paani. Alibaki Sekiondo peke yake, na leso yake.

“Watu wako wapi?” akauliza Rais.

“Wamekamatwa, Mtukufu.”

“Wote?”

“Wote.”

“Kwa kosa gani?”

“Usingizi, Mtukufu.”

Rais alishusha miwani yake. Kwa muda alionekana kama mzee yeyote aliyepika chakula kingi na wageni hawakuja. Kisha akaondoka jukwaani kwenda kuwaona wahalifu, na kwa kuwa hotuba ilikuwa imekatika, Sheria ya Ukimya nayo ikakatika. Mhandisi Mwasomola alinyanyuka nyasini akiwa na vumbi mgongoni, akawaambia walinzi wake kwamba anakwenda kazini, akaingia chumba cha mitambo na kukata umeme. Ile sindano kubwa ikaanguka, na hakuna aliyeiona.

*

Uchunguzi ulifanyika palepale uani. Mkuu wa Usalama aliuliza swali moja tu, akamwelekezea Sekiondo: watu hawa wamelazwa na nini?

Lilikuwa swali lenye majibu mawili, na yote mawili yalikuwa na kamba mwishoni. Akisema gesi, ndiye aliyeinyamazisha feni na kuihatarisha roho ya Rais. Akisema si gesi, basi ni hotuba. Mheshimiwa Kasibante alitazama kwa makini sana jani moja la nyasi.

“Ni gesi, Mtukufu,” alisema Sekiondo. “Ilitoka tanurini kwa sababu niliamuru feni izimwe. Mhandisi alitukataza. Na mimi ndiye niliyewaambia walale, ili wakamatwe, wapate hewa.”

Mkuu wa Usalama alianza kutoa pingu. Rais akamzuia kwa mkono.

“Ni gesi?”

“Ndiyo, Mtukufu.”

“Si kitu kingine?”

“Si kingine.”

“Wote? Hata Kasibante?”

Sekiondo alikuwa amesema kweli nyingi kwa siku moja kuliko alizowahi kusema tangu aajiriwe, na alihisi ameishiwa.

“Hata yeye, Mtukufu.”

Uso wa Rais ulianza kung'aa taratibu kama taa inayoongezwa utambi. Wale walio karibu wanasema alimshika Sekiondo mabega. Miaka yote, alisema, alikuwa na shaka fulani moyoni, hasa wakati wa alasiri, na leo sayansi imemwondolea. Watu wote wakaachiwa huru. Kisha akakunjua karatasi zake.

“Basi turudi ndani,” akasema, “nimalizie. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye utangulizi.”

Kilio cha chini kilipita nyasini, kikajifanya kikohozi.

Ilichukua muda. Mhandisi hakukubali mtu aingie mpaka vitambaa vishushwe kwenye matundu, bandeji zitolewe kwenye ving'ora, ukumbi upigwe hewa, na bomba lisafishwe kwa naitrojeni, hewa isiyoshika moto, kabla ya feni kuwashwa. Rais alikula chakula cha mchana, akala tena. Alasiri tanuri likawaka, feni ikanguruma, watu wakapanda vitini kama wanaopanda kwenye kiti cha daktari wa meno. Rais alisimama jukwaani, akafungua kinywa, akafunga. Akaashiria juu, kule mngurumo ulikotoka.

Sekiondo alimsogelea.

“Hapana, Mtukufu,” akasema sikioni mwake. “Haizimwi.”

Rais alimtazama. Hakuwahi kuambiwa neno lile, na inawezekana kwamba kwa ile kelele alisikia jingine. Akatikisa kichwa kukubali, akainamia karatasi, akasoma.

Hakuna aliyesikia kitu. Midomo ya Rais ilikwenda, mkono wake ulipanda na kushuka, na feni ikazungumza kwa niaba yake. Mwanzoni watu walitega masikio kwa woga. Baadaye mmoja akamgeukia jirani. Kufika katikati ya hotuba ukumbi wote ulikuwa unaongea, kila mmoja akiwa amemkaribia mwenzake, macho yamewaka, damu usoni. Jaji Mkuu aliipatanisha familia moja iliyokuwa ikigombea shamba tangu enzi za babu zao. Mkurugenzi wa Ushuru alirudia, akiwa na akili timamu, maneno aliyomwambia jirani yake asubuhi, naye hakukataa. Kasibante peke yake alilala, akalala vizuri. Sekiondo aliinua vibendera pale alipojisikia, na makofi yalitoka mengi, ya watu wenye furaha.

Rais aliinua uso kwa mara ya tatu. Aliona mamia ya watu walio macho, wanaotabasamu, wameinamiana kama wanaoshindwa kuvumilia uzuri wa walichosikia. Alitokwa na machozi bila kibendera. Siku iliyofuata akatoa amri kwamba kila ukumbi, uwanja na bunge katika nchi hiyo viwekewe feni kama ile, na kwamba yeye hatahutubia tena mahali pasipo nayo.

Ilikuwa amri yake ya mwisho kusikika. Nyingine alizitoa, nyingi mno, mbele ya feni. Tangu hapo shule zimejengwa, madaraja mawili yamekamilika, na vita na ile nchi isiyokuwepo vimesahaulika, kwa kuwa hakuna aliyesikia akiambiwa aendelee navyo.

Jioni ile ya uzinduzi Sekiondo alifika nyumbani akiwa na leso chafu na masikio yanayovuma. Mkewe alimtengea chakula, akamuuliza Rais amesema nini.

Sekiondo alifikiri kwa uaminifu mkubwa.

“Sijui,” akasema, na akanawa mikono.